Chumvi, Maji Matamu na Mwani Uishio Ndani ya Barafu

Askari aliyepata kupangiwa kazi wilayani Kasese, magharibi ya Uganda, ameviona kwa macho yake vitu viwili ambavyo ni nadra kuwa majirani. Akiinua uso siku mawingu yanapofunguka, huiona barafu iliyosalia katika vilele vya Rwenzori. Akiteremka kusini hufika Ziwa Katwe, ambako wenyeji hutenga vidimbwi kandokando ya ziwa, wakaliachia jua kazi ya kuyakausha maji, kisha wakavuna chumvi. Barafu iko juu, chumvi iko chini, na baina yake pana nchi nzima ya joto. Makala haya yanahusu mahali ambapo vitu hivyo viwili hukaa katika donge moja, na ndani ya donge hilo mna viumbe wanaokula, wanaozaana na kufa.

Mahali penyewe ni bahari za ncha mbili za dunia: Bahari ya Aktiki upande wa kaskazini, na ile bahari inayolizunguka bara la Antaktika upande wa kusini. Kiumbe mwenyewe ni mwani, ila si ule mwani mrefu unaotupwa ufukoni na mawimbi. Huu ni mimea ya seli moja moja, midogo hata haionekani bila hadubini. Iliyo mingi ni ya ukoo uitwao daiatomu, ambao kila seli yake imejijengea kijisanduku cha silika, yaani kitu cha jamii ya kioo. Mmoja peke yake si kitu machoni petu. Wakikusanyika mamilioni kwa mamilioni, huipaka barafu rangi ya kahawia kama chai iliyomwagikia kitambaa cheupe.

Kabla ya kwenda mbele hapana budi tuelewane juu ya neno moja. Watu wa pwani huyaita maji yasiyo na chumvi "maji baridi". Katika habari hii kila kitu ni baridi, hata yale maji yaliyokolea chumvi kupita kiasi. Kwa hiyo nitatumia lile jina lao jingine, "maji matamu", ili msomaji asije akachanganyikiwa.

CHUMVI HUKIMBILIA WAPI?

Maji ya bahari kuu huwa na chumvi yapata gramu 35 katika kila kilo moja. Kwa sababu ya chumvi hiyo hayagandi kwenye sifuri kama maji ya mtungini. Hungoja mpaka baridi ifike nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri. Hapo ndipo punje za barafu huanza kujijenga, nazo hujijenga kwa maji matupu. Chumvi haina nafasi katika jengo hilo, hivyo hufukuzwa. Sehemu yake kubwa hudondokea baharini. Sehemu nyingine hunaswa katikati ya punje pamoja na maji machache yasiyoganda, ikakaa katika vishimo na vijia, vingine vyembamba kuliko unywele. Barafu ya bahari, basi, si jiwe kavu kama inavyodhaniwa. Ukiikata na kuitazama kwa hadubini, utaona imetobolewatobolewa mfano wa sifongo, na matundu yake yamejaa maji makali ya chumvi.

Ndani ya matundu hayo ndimo mwani wetu uishimo, na humo pana sheria moja isiyovunjwa: ukijua baridi ya barafu, umejua ukali wa maji yaliyomo. Barafu ikiwa na nyuzi 2 chini ya sifuri, maji hayo hayatofautiani sana na bahari iliyo chini yake. Ikishuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, sehemu ya maji huganda na kuiacha chumvi katika maji yanayobaki, nayo hupata gramu 85 hivi katika kila kilo. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri huzidi gramu 140, yaani mara nne ya chumvi ya bahari. Kwenye nyuzi 20 hupita gramu 200. Kazi ambayo huko Katwe hufanywa na jua, huku hufanywa na baridi.

Katika majira ya baridi kuu, uso wa juu wa barafu hupigwa na hewa yenye baridi ya nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri, lakini upande wa chini, unaogusa bahari, hauwezi kushuka chini ya ile nyuzi 1.8. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwani hukutikana katika sentimita chache za chini kabisa, mahali penye maji ya kuvumilika na chakula kinachopanda kutoka baharini. Lakini siyo mwani wote hubahatika kukaa huko. Bahari inapoanza kuganda, punje za barafu zinazoelea huukokota mwani popote ulipo na kuufungia katika tabaka lolote, na walionaswa juu hupambana na chumvi ambayo ingemuua karibu kila mmea wa bahari tunaoujua.

WALIOUONA KWANZA

Mwaka 1839 Uingereza ilizituma merikebu mbili, Erebus na Terror, kwenda bahari za kusini chini ya James Clark Ross. Katika Erebus alikuwamo daktari msaidizi kijana, Joseph Hooker, ambaye moyo wake ulikuwa zaidi katika mimea kuliko katika dawa. Merikebu zilipopasua barafu, mabonge yaligeuka yakaonyesha tumbo la rangi ya kahawia. Mtu mwingine angeidhani rangi hiyo kuwa ni udongo au majivu ya volkeno. Hooker aliitazama kwa hadubini akatambua kuwa ni daiatomu, tena akasema kwamba mimea hiyo midogo ndiyo chakula cha msingi cha wanyama wa bahari ile.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, Fridtjof Nansen wa Norway aliiingiza meli yake Fram katika barafu ya Aktiki kwa makusudi, Septemba 1893, ili ikamatwe na kuchukuliwa na mkondo. Meli hiyo haikuibuka mpaka Agosti 1896. Msomaji aliyepata kukaa kambini miezi mingi bila adui kuonekana ataelewa uzito wa kifungo hicho. Nansen hakuiacha akili yake ilale. Alikusanya viumbe wadogo kutoka katika barafu na katika maji yaliyoyeyuka, akawachora na kuwaandika, na kazi yake hiyo ilipigwa chapa mwaka 1906.

Hao waliona kwamba mwani upo. Namna unavyoishi katika chumvi inayopanda na kushuka ni swali lililosubiri karne ya ishirini ifike mbali.

CHUMVI INAPOPANDA

Ngozi ya seli huruhusu maji kupita, lakini huvizuia vingi vilivyoyeyuka ndani ya maji hayo. Nayo maji yana desturi yake: huhama kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Uhamaji huo huitwa osmosi. Mchuuzi wa samaki anaujua bila kulijua jina lake, kwa maana akimpaka samaki chumvi, maji hutoka na samaki hukauka. Vivyo hivyo barafu ikizidi kupoa na maji ya kijia yakakolea, mwani huanza kunyonywa maji yake. Nyama yake laini hujikunja na kubanduka kutoka katika ukuta wa kile kijisanduku.

Mwani haukai ukingoja kufa. Jambo la kwanza unalofanya, na hulifanya upesi, ni kuingiza ndani madini kama potasiamu, ili ndani napo pakolee na maji yasiendelee kutoroka. Hiyo ni hatua ya dharura, mfano wa magunia ya mchanga yanayopangwa usiku wa kwanza. Madini hayo yakizidi huidhuru mitambo ya seli, kwa hiyo katika saa na siku zinazofuata mwani hutengeneza vitu vingine vya kushika mahali pake. Kimoja ni prolini, ambacho ni cha jamii ya vile vinavyojenga protini. Kingine ni kemikali yenye salfa ambayo wataalamu huiita kwa kifupi DMSP. Kuna na sukari za namna namna. Ubora wa vitu hivi ni kwamba huweza kujazwa tele ndani ya seli bila kuiharibia kazi, na baadhi yake husaidia hata dhidi ya baridi yenyewe.

Pamoja na hayo mwani hutoa ute. Katika maabara na katika barafu halisi ute huo umeonekana kuongezeka pale maisha yanapokuwa magumu. Huizunguka seli, hushika maji, na huzuia ncha za barafu zisiichome. Mwaka 2011 Christopher Krembs na wenzake walionyesha, kwa ute wa daiatomu wa Aktiki aitwaye Melosira arctica, kwamba hubadili hata umbo la matundu ya barafu na kuifanya barafu ishike chumvi nyingi zaidi kuliko ambavyo ingeshika peke yake. Kwa maneno mengine, mwani haukai tu katika handaki ulilolikuta. Hulichimba upya lifae. Zipo pia protini maalumu ambazo mwani huzitoa ili zigandamane na barafu na kuzizuia punje zisikue. Asili ya protini hizo ni ya kushangaza, maana zinaelekea kuwa zilitoka kwa bakteria au viumbe wengine na kuingia katika ukoo wa daiatomu zamani sana.

Ulinzi huu una gharama. Nguvu inayotumika kutengeneza prolini na ute haipatikani tena kwa kukua na kuzaana. Mwaka 1982 Anna Palmisano na Cornelius Sullivan, Wamarekani, waliwachukua daiatomu wa aina 3 kutoka McMurdo Sound huko Antaktika, wakawapitisha katika maabara kwenye mwendo wa kutoka kiangazi kwenda baridi kuu: joto likapunguzwa, chumvi ikaongezwa, mwanga ukaondolewa. Daiatomu walipunguza shughuli zao kadiri hali ilivyozidi kuwa ngumu, lakini hawakuangamia. Mwaka 1992 Kevin Arrigo pamoja na Sullivan yuleyule walipima jinsi chumvi na baridi zinavyoshirikiana katika kuubana mwani huo. Kwa ufupi, chumvi ikikaribia mara 3 ya ile ya bahari, kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga hukaribia kusimama. Mwani huwa kama mlinzi aliyejifunika koti: macho wazi, mwili umetulia.

CHUMVI INAPOSHUKA

Mtu akisoma habari za chumvi mara nne ya bahari atafikiri kuwa hapo ndipo penye hatari kubwa. Mimi naona kwamba hatari iliyo kubwa zaidi huja kwa sura ya neema, wakati jua linaporudi na barafu inapoanza kulainika.

Baridi huingia katika barafu polepole. Tabaka hupoa kwa siku na majuma, na mwani hupata wasaa wa kujaza ghala zake. Kuyeyuka hakuna subira hiyo. Kwanza vijia hupanuka na maji yake huzimuka. Barafu yenye chumvi gramu 5 katika kilo, ikipata joto la kupita nyuzi 5 chini ya sifuri, matundu yake hufikia kiasi cha sehemu 5 katika kila 100, na hapo huungana na kupitisha maji. Sheria hiyo ya "tano tano" ilielezwa mwaka 1998 na Kenneth Golden na wenzake. Kisha theluji ya juu huyeyuka, nayo theluji ni maji matamu. Maji hayo hujaa katika madimbwi juu ya barafu, hupenya vijiani na kuisukuma chumvi ya zamani itoke. Seli iliyokuwa imejijaza prolini na DMSP ili ishindane na chumvi, hujikuta ghafla imezungukwa na maji yasiyo na chumvi kabisa. Sasa osmosi hufanya kazi kinyume: maji humiminika ndani. Lile ghala lililoiokoa sasa ndilo linaloyaita maji.

Mwaka 2007 Peter Ralph wa Australia na wenzake walichapisha matokeo ya kuulinganisha mwani unaogandishwa na mwani unaoyeyushiwa barafu. Walikuta kwamba kuyeyushiwa ndiko kulikovuruga zaidi ile kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga. Seli hujitahidi kujinusuru kwa kuitupa nje akiba yake yote haraka. Kijisanduku cha kioo husaidia kuzuia uvimbe. Walio dhaifu, hasa wale viumbe wadogo wasio na ukuta mgumu, hupasuka.

Jeshi lina sababu ya kuufahamu msiba wa namna hii. Askari anayetokwa na jasho jingi, kisha akanywa maji matupu kupita kiasi, huweza kuizimua chumvi iliyomo katika damu yake. Maji huingia katika seli za mwili, ubongo huvimba, mtu huchanganyikiwa na hata kufa, ilhali wenzake wanadhani ana kiu na kumwongezea maji. Jeshi la Marekani, baada ya kupata wagonjwa wa aina hiyo katika vyuo vyake vya mafunzo, lilibadili mwongozo wake wa kunywa maji mwaka 1998. Mwani na mwanadamu hawafanani kwa umbo, lakini osmosi haichagui.

HESABU ILIYOPOTEA

Jambo hilo liliwahi kuwapotosha wataalamu wenyewe. Desturi ilikuwa kukata kipande cha barafu, kukiweka ndooni, kukiacha kiyeyuke, kisha kuhesabu viumbe walioonekana. Lakini barafu hiyo ikiyeyuka yote hutoa maji yenye chumvi chache sana kuliko yale ya vijiani, basi mhesabuji alikuwa akiwaua baadhi ya wale aliotaka kuwahesabu. Mwaka 1986 David Garrison na Kurt Buck walionyesha kwamba viumbe laini walikuwa wakipotea kwa wingi kwa njia hii, na kwamba kuyeyushia barafu ndani ya maji mengi ya bahari yaliyochujwa huwaokoa. Fikiri kamanda anayehesabu kikosi chake kwa njia inayowaangusha askari wake, kisha anaandika ripoti kwamba kikosi ni kidogo.

Hata dawa hiyo haikufaa kila mahali. Katika Bahari ya Baltiki, ambayo maji yake yana chumvi kidogo tangu mwanzo, watafiti waliripoti mwaka 2014 kwamba kuyeyusha barafu moja kwa moja tena haraka kulitoa hesabu ya kweli kuliko kuiyeyusha polepole katika maji ya bahari. Viumbe wa huko wamezoea jingine.

WANAOUTEGEMEA

Katika Antaktika, watoto wa kamba wadogo waitwao krili hupitisha baridi kuu wakikwangua mwani chini ya barafu, na krili ndio chakula cha pengwini, sili na nyangumi. Katika Aktiki, mwani huliwa na wadudu wa majini, wadudu huliwa na samaki, samaki huliwa na sili, na sili huliwa na dubu mweupe. Mwani wa barafuni huanza kukua mapema katika majira ya kuchipua, kabla mwani wa bahari wazi haujaamka, kwa hiyo kwa wengi wao ndio mlo wa kwanza wa mwaka. DMSP inayotupwa wakati wa kuyeyuka nayo haipotei bure. Bakteria huila, na sehemu yake hugeuka gesi ya salfa inayopanda angani na kushiriki katika kutengeneza punje ambazo mawingu hujifungia.

Ndiyo sababu mabadiliko ya barafu ya Aktiki yanawatia wataalamu wasiwasi. Barafu ya zamani, iliyopita viangazi kadhaa, huwa imeoshwa chumvi karibu yote, hata Inuit, wenyeji wa kaskazini, huiyeyusha wakainywa. Barafu hiyo imepungua mno tangu miaka ya 1980, na mahali pake pameshikwa na barafu ya mwaka mmoja, nyembamba, yenye chumvi zaidi, inayoyeyuka mapema. Septemba 2012 eneo la barafu lilishuka mpaka kilometa za mraba milioni 3.4 hivi, kiasi kidogo kuliko vyote vilivyopata kupimwa kwa satelaiti. Majira hayohayo Antje Boetius na wenzake, wakiwa katika meli ya Ujerumani iitwayo Polarstern, walishusha kamera hadi sakafu ya bahari, zaidi ya meta 4,000 chini. Waliona marundo ya Melosira arctica yametapakaa matopeni. Barafu ilikuwa imeyeyuka na kuuachia mwani ukazama. Walikadiria wastani wa gramu 9 za kaboni katika kila meta ya mraba. Matango bahari walikuwa wakiula.

Polarstern ilirudi Aktiki mwaka 2019 na kujifungasha katika bonge la barafu kama alivyofanya Nansen, ikachukuliwa na mkondo hadi mwaka 2020. Katika kiangazi cha 2020 wapimaji wake waliikuta, chini ya barafu, tabaka nyembamba ya maji matamu yaliyovuja kutoka juu na kukaa juu ya maji mazito ya bahari. Maji matamu huganda kwenye sifuri, nayo bahari iliyo chini yake ni baridi kuliko sifuri. Basi pale yanapogusana hutokea ajabu ambayo hata Nansen aliiandika katika siku zake: katikati ya kiangazi, juu barafu ikiyeyuka, chini hufanyika barafu mpya, nyembamba, mfano wa sakafu ya uongo. Mwani ulioshikilia tumbo la barafu ya zamani hubaki baina ya dari na sakafu hiyo, umezungukwa na maji yasiyo na chumvi, na bahari yake iko sentimita chache tu upande wa pili.